Siku Tulipoficha Toleka

Mtu asiniambie kwamba wageni ndio waliotumaliza. Nasema mapema, kwa sababu hapa Tshopo, upande wetu wa Kisangani, jambo likiharibika watu wanatafuta mtu wa mbali wa kumtupia lawama. Wapi! Tulijimaliza wenyewe, mchana kweupe, tumevaa nguo safi na tunaimba. Mimi Viviane nilikuwa pale, na niliimba mpaka sauti ikakauka.

Mume wangu ni Dominique. Kama ulipata kukaa Kisangani, labda alikubeba. Alikuwa mwenye toleka, yaani alibeba watu kwa kinga, baiskeli ile nyeusi nzito, na nyuma ya kiti chake kulikuwa na mto wa kukalia abiria ambao nilishona mimi mwenyewe. Kwa kinga alinioa, kwa kinga alinipeleka kuzaa, na kwa nguvu ya magoti yake watoto wetu wote wamesoma. Kuna watu wanasema toleka ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Waje waniambie mimi, usoni, kama ni wanaume.

Dominique ana jicho moja. La kulia lilikufa zamani, waya wa gurudumu ulikatika akiutengeneza ukamwingia. Kwa kinga, jicho moja linatosha. Kinga inakwenda taratibu, unageuza kichwa, unaangalia, unapita. Kwa pikipiki halitoshi. Alijaribu, eeh, hakuna wa kusema hakujaribu. Mdogo wake alimwazima pikipiki, akaingia nayo kwenye mtaro karibu na daraja la Tshopo, akarudi nyumbani na taya limevimba kama embe. "Viviane," akaniambia, "ile kintu inakimbia kupita jicho yangu." Ikaishia hapo. Wenzake walihamia kwenye pikipiki mmoja mmoja, yeye akabaki. Kulima hakuweza, na kuvua hajui ingawa ni mtoto wa Yanonge, kijiji cha wavuvi. Baba yake alimcheka kwa hilo mpaka siku ya kufa. Kwa hiyo mjue tangu sasa: mume wangu bila kinga hana kazi nyingine duniani.

Na kinga zilikuwa zinataka kuzuiwa. Wakubwa wa mji walikuwa wamechoka nazo. Walisema toleka zinachelewesha barabara, zinagongwa na pikipiki, zinaleta matanga kila mara. Kana kwamba anayegongwa ndiye mwenye kosa! Walisema karibu tu zitakatazwa kuingia katikati ya mji, kule sokoni, posta na maofisi, zibaki huku pembeni. Sasa huku pembeni nani atapanda toleka? Atoke wapi aende wapi? Watu wote wanakwenda sokoni.

Siku moja mchana, Tonton Hamadi akaingia uani, kwenye parseli yetu. Huyu tunayemwita Tonton, yaani mjomba, alikuwa prezida wa chama cha wenye toleka, mzee wa ukoo wa Kiislamu wa zamani sana hapa mjini, mtu wa kofia safi na adabu nyingi, aliyeendesha kinga mpaka magoti yakamkataa. Nilikuwa natwanga pondu, majani ya muhogo. Nilipoona amekuja bila kutuma mtu kwanza, nikaacha mchi.

"Tonton, kama ni habari ya kufa, sema mbio," nikamwambia.

"Hapana ya kufa, mama. Ya kupona. Ita bwana yako."

Dominique akatoka, na Tonton Hamadi akatueleza polepole, kama anayemimina mafuta kwenye taa. Kulikuwa na miji ya nchi nyingi iliyoshikana mikono, ikajiita Miji Inayopumua. Kazi yao ni kusaidiana ili watu watembee mjini bila moshi: mji huu unaonyesha mwingine njia zake za basi, ule unaonyesha huu njia zake za kinga, na wakipokea mji mpya wanausaidia wote pamoja. Walikuwa wanatafuta mji mmoja huku kwetu. Mtu fulani aliwaambia habari za Kisangani, mji wa toleka.

"Wakitupokea," Tonton Hamadi akasema, "watachora barabara ya kinga peke yake, kutoka sokoni mpaka daraja ya Tshopo. Moto, hizi pikipiki, hapana kuingia. Na wakubwa watatia sahihi kama kinga inabakia mu ville, katikati ya mji. Donc, Dominique, utafanya kazi mpaka uzee ukukamate."

"Na wakitukatala?" nikauliza.

"Wakitukatala, mama, zuio inaanza. Wakubwa walishasema. Lakini watukatalie nini? Banatafuta kinga, na sisi tuko na kinga."

Dominique aliingia ndani akakaa kitandani. Nilipomfuata nikamkuta anacheka peke yake huku machozi yanatoka jicho moja tu, lile zima. Nikamwambia, "Wee, usilie, utaharibu na hili." Akanivuta akanikalisha karibu yake. Zilikuwa zimepita siku nyingi sana hajanishika hivyo, na sioni haya kusema nilifurahi.

Tangu hapo akaanza kuitunza ile kinga kuliko mtoto mgonjwa. Akaipaka rangi upya. Akaosha mnyororo kwa petroli. Mimi nikashona mto mpya wenye vitambaa vya manjano na buluu pembeni. Wateja wake wa asubuhi wakaanza kumtania: Josée, mwalimu wa shule ambaye Dominique alikuwa anambeba kila siku, akasema, "Dominique, sasa mi naogopa kuikalia, utadai mahari!" Nyumba yetu ilikuwa na kicheko. Nakumbuka kile kicheko na kinaniuma.

Bon. Miji Inayopumua wakatuma neno kwamba watu wao wanakuja kutuona. Siku moja kabla ya wageni hao kufika, chama kikakutana kwa Tonton Hamadi kupanga mapokezi. Sisi wanawake tuliitwa kwa ajili ya chakula na nyimbo. Wanaume wakakaa kwenye viti vya plastiki, na Tonton Hamadi akasimama.

Kwetu mgeni hapokelewi hovyo. Nyumba ya udongo tupu, lakini mgeni akija utaazima kiti kwa jirani, utaazima sahani, na ile sufuria yako yenye masizi utaisukuma chini ya kitanda. Hata kuku mwenye kilema unamfungia asionekane. Na mgeni mkubwa akishuka uwanja wa ndege wa Bangboka, anakwenda kuchukuliwa kwa msafara wa pikipiki: nyingi, zinapiga honi, vijana wanasimama juu ya viti, vumbi linapanda mpaka mbinguni. Askofu alipokelewa hivyo. Timu ya mpira hivyo. Mtu anayepokelewa bila pikipiki anajua kwamba hapendwi.

Tonton Hamadi akasema hivyohivyo. Tukodi pikipiki, kila mwenye toleka akae nyuma ya dereva, amevaa tisheti nyeupe ya chama. Siku ile ya kwanza kinga yoyote isionekane barabarani, kwa sababu nyingi zimechakaa, zina matairi ya viraka na viti vya magunia, zitatia aibu mji. Zote zifungiwe kwenye parseli yake. Siku ya pili, wageni wakishalala na kula, wapelekwe uwanjani waone kinga zote zimeoshwa, zimepangwa mstari, kila moja na mwenyewe.

Nikainuka. Mimi mdomo wangu haujui kukaa.

"Tonton, pardon. Hawa batu banakuya kuona nini? Si banakuya kuona kinga?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa tunaificha juu ya nini?"

Wanaume wakaguna. Mmoja akasema wanawake waongee habari ya pondu. Tonton Hamadi hakunikasirikia, alinijibu kwa upole ule ule wake.

"Viviane, mwanangu, weye ukipata mugeni, utamutokea kwenye mulango na nguo ya kupikia?"

"Hapana, Tonton."

"Utavaa kwanza, ao sivyo? Basi tuache tuvae. Wataona kinga kesho yake, tukiwa tumevaa."

Sasa unamjibu nini mzee wa namna hiyo? Hata mimi niliona ana haki. Nisingemtokea mgeni na nguo ya kupikia, kweli. Wote wakapiga makofi, wakachanga ya mafuta ya pikipiki, na wengine walikopa ili wachange. Siku mbili za mgeni, tulihesabu. Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu ndiyo unampa jembe. Nani angefikiri kuna mgeni anayesafiri kutoka mwisho wa dunia na halali hata usiku mmoja?

Dominique peke yake hakupeleka kinga yake kwa Tonton. Si kwa ubishi, yeye si mtu wa ubishi. Alisema haiwezi kulala nje ya nyumba. Aliifunika kwa mikeka nyuma ya jiko letu.

Kesho yake tulikuwa Bangboka mapema. Jua lilikuwa kali, sisi akina mama na pagne zetu, vitenge vya rangi moja, wanaume nyuma ya madereva wa pikipiki. Wageni wakashuka: mwanamke mmoja mzungu mwenye nywele nyeupe na miwani, na wanaume wawili weusi kutoka miji ya mbali, wanaongea Kifaransa cha kwao. Tukaimba. Pikipiki zote zikawashwa kwa pamoja. Mama yangu, ule moshi! Zilikuwa zinachoma mafuta ya kienyeji ya kwenye chupa, na madereva wanavuta gesi zikiwa zimesimama, vuu, vuu, kwa heshima ya wageni. Yule mama mzungu alitoa kitambaa akafunika pua. Alikuwa anatabasamu bado, lakini macho yalikuwa yanatoka machozi. Na njia yote mpaka mjini ikawa hivyo. Mbele yao moshi, nyuma yao moshi, na hakuna kinga hata moja. Tulikuwa tumesafisha barabara vizuri sana.

Mapokezi yalikuwa kwenye ukumbi mmoja katikati ya mji. Mimi na wenzangu tulikuwa tunapanga samaki, pondu na chikwangue, ile mikate ya muhogo, mezani, ndiyo maana nikasikia kila neno. Wageni walikaa na mshauri wa mambo ya barabara, bwana mmoja anaitwa Wenceslas, kiatu kinang'aa utadhani hajawahi kukanyaga tope la hapa. Tonton Hamadi alikaa pembeni yake, mikono juu ya magoti.

Yule mama akauliza kwa Kifaransa, "Tuliambiwa huu ni mji wa baiskeli. Za toleka. Mbona hatujaona hata moja?"

Wenceslas akacheka. "Madame, hayo ni mambo ya zamani. Mji wetu unaendelea. Umeona mwenyewe pikipiki zilivyo nyingi."

Nilingoja Tonton Hamadi aseme. Alimwangalia Wenceslas, akawaangalia wageni. Mkubwa hapingwi mbele ya wageni, ndivyo alivyofundishwa tangu utoto, na hakuwa na namna ya kujifundisha upya dakika ile. Akasema tu, "Kesho, Madame. Kesho tutawaonyesha kitu."

"Kesho?" yule mama akashangaa. "Lakini ndege inarudi leo hii mchana. Nyingine ni wiki ijayo. Hawakuwaambia?"

Labda waliambiwa wakubwa. Sisi hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza, kwa sababu mgeni haulizwi anaondoka lini. Kumuuliza hivyo ni kumfukuza.

Nikaweka sahani chini kwa kishindo. "Madame, ziko! Kinga ziko! Tulizificha!"

Yule mama akanigeukia, hakuwa na dharau hata kidogo, nitamsemea hilo. Akaniuliza, "Mlizificha kwa nini?"

Nitajibu nini? Nimwambie juu ya sufuria yenye masizi? Nimwambie tulikuwa tunavaa kwanza? Kifaransa changu ni cha sokoni, kinajua bei na matusi. Nilikuwa bado natafuta maneno, Wenceslas akanyoosha mkono kunionyesha mlango.

"Nileteeni hata moja," yule mama akasema. "Ningependa kuikalia."

Dominique alikuwa amesimama mlangoni na tisheti yake nyeupe. Alisikia. Sijawahi kumwona mtu anakimbia vile. Zile za kwa Tonton zilikuwa zimefungiwa, na Madina, mke wa Tonton, alikuwa amekwenda na ufunguo kupika kwenye harusi, kwa hiyo ilikuwa ile moja tu, ya nyuma ya jiko letu. Mimi nikabaki nje ya ukumbi naangalia barabara. Wageni wakatolewa. Wakapelekwa kwenye ofisi moja, wakapelekwa kwenye nyingine, kila mlango soda na picha, na mimi nawafuata kwa miguu na kuwapigia kelele watu wa protokoli wangoje kidogo, wangoje tu kidogo. Wakanisukuma. Pikipiki zikawashwa tena, na msafara wote ukaondoka kwenda Bangboka, na wenzetu wenye toleka wamekaa nyuma wanapunga mikono, maskini, wengine hawakujua bado kilichotokea.

Vumbi halijatulia, Dominique akatokea. Kinga inang'aa, rangi mpya, kile kitambaa cha manjano kinapepea. Akaangalia barabara tupu, akaniangalia mimi.

"Panda," akasema.

"Dominique, Bangboka iko mbali."

"Viviane, panda. Miye siwezi kusema Kifaransa. Weye utasema."

Nikapanda. Ee Mungu, ile safari. Amenibeba maisha yangu yote na siku zote nilikuwa nasikia pumzi yake ikienda sawa, lakini siku ile pumzi ilikuwa inapiga filimbi. Tisheti ikaloa ikawa rangi ya ngozi. Kila kilima kidogo nilimwambia nishuke nisukume, akasema kaa. Pikipiki zikaanza kurudi kutoka uwanjani, mojamoja, madereva wanatupigia honi wakidhani tunacheza. Mmoja akapaza sauti, "Papa, sherehe imeisha!" Nikamtukana mama yake, Mungu anisamehe. Na mimi nyuma pale nilikuwa nafanya mazoezi ya Kifaransa, nasema kimoyomoyo: Madame, hii hapa. Madame, hii haina moshi. Madame, mume wangu ana jicho moja.

Tukafika kwenye kizuizi cha uwanja. Askari akainua mkono.

"Kinga hapa hapana."

"Papa, ile mama ya miwani ametuita," nikamwambia. "Alisema tumuletee kinga. Muulize!"

"Mama, hapa panaingia motokari. Ata moto mi naruhusu. Kinga hapana."

Dominique akashuka. Mume wangu, mtu asiyejua kubishana, akapiga magoti mbele ya yule askari juu ya lami ya moto, huku ameshika usukani kwa mkono mmoja isianguke. Askari akaona haya, akaangalia pembeni, akasema angewaita wakubwa wake. Wakati bado anaita tukasikia injini. Ndege ilipita juu yetu. Nilifungua pagne ya juu nikaipunga kama mwendawazimu, nikapiga kelele kwa Kifaransa yale maneno yote, yalitoka vizuri, bila kosa. Hakuna aliyeyasikia zaidi ya askari.

Dominique alibaki na magoti chini mpaka sauti ya ndege ikaisha.

"Labda alituona kutoka juu," akasema.

"Aone nini, mupumbavu weye!" nikamfokea. Nilimfokea yeye, aliyekuwa amenibeba njia yote ile. Kisha nikamfuta jasho kwa pagne na nikamwomba msamaha, na yeye akasema si kitu. Turudi, akasema, itatukuta giza.

Majibu yalikuja baada ya muda. Tonton Hamadi aliyaleta mwenyewe, na hakuvaa kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake kitupu, kilikuwa kidogo kama cha mtoto. Miji Inayopumua walishukuru sana kwa mapokezi mazuri. Walisema Kisangani ni mji wa pikipiki, na mji wa pikipiki unahitaji msaada wa namna nyingine, mwaka mwingine. Walichagua Kindu, mji mdogo wa huko juu ya mto.

"Kindu!" nikasema. "Kindu walifanya nini?"

Tonton Hamadi akainamisha kichwa. "Habakuwa na makuta, ile pesa ya kukodi moto. Balipokea bageni na kinga zabo za kuchakaa. Ile mama alipanda nyuma, akatembezwa muji muzima."

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka majirani wakachungulia, kisha nikamgeukia yule mzee. "Tonton, heshima yako imetuzika. Unasikia? Imetuzika wazima, na tisheti nyeupe!" Mzee akaanza kulia, mabega yanatikisika. Dominique akaniambia, "Umwache." Akaleta kiti, akamkalisha, akamletea maji ya kunywa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kwa mgeni.

Zuio likaanza. Pale kwenye rond-point, ule mzunguko wa kuingia katikati ya mji, polisi walisimama na kamba, kinga inayopita wanaikamata na kuitupa juu ya lori. Dominique akajaribu njia za pembeni za Tshopo, mtaa kwa mtaa. Abiria hakuna. Mwalimu Josée alikuja kumwomba radhi nyumbani, akasema lazima afike shuleni, atafanya nini, na nje pikipiki ilikuwa inamngoja na injini inanguruma. Watoto wa mwisho wakaacha shule. Tulikula mara moja, siku nyingine hatukula, na Dominique alikuwa anasema ameshiba hata sufuria haijateremka.

Mwisho aliiuza kinga kwa mtu wa makala, wale wanaotoa makaa porini na kusukuma magunia kwa miguu. Yule mtu aliuchomoa mto wangu wa vitambaa, akanirudishia, akasema huu hana kazi nao. Kuanzia siku ile Dominique aliamka saa ile ile ya zamani, akanawa, akavaa koti lake la kazi, akaenda kusimama pembeni ya barabara na mikono mitupu. Watu wa mtaa wakadhani amerukwa na akili. Nikimfuata anasema, "Naangalia tu." Alikuwa anaangalia pikipiki zinavyopita. Usiniulize nilijisikia vipi. Nilikuwa natamani afe ili apumzike, nasema kweli yangu, na nikishatamani hivyo nakimbia nyuma ya jiko nalia kwa kuogopa Mungu asije akanisikia.

Alikuwapo Sadrack, mwenzake wa zamani, aliyeacha toleka mapema akanunua pikipiki. Kijana mzuri, hajasahau watu. Alikuja asubuhi moja akasema amemwombea Dominique kazi ng'ambo ya mji, mtoni, mahali pikipiki zinapooshwa. Kuosha tope na mafuta, basi. Jicho moja linatosha.

"Papa Dominique, tuende leo leo, mwenye fasi ya kuoshea anangoya," Sadrack akasema. "Mama Viviane, weye pia kuya, utamuongelesha."

Dominique akaniangalia mimi. Nikamwambia twende. Ningemwambia nini kingine?

Tukapanda wote watatu, Sadrack mbele, mimi katikati, Dominique nyuma kabisa. Aliweka mikono yake kiunoni mwangu kwa woga, kama abiria wa mara ya kwanza. Sadrack akapita barabara kubwa ile ya kutoka darajani kwenda sokoni, akapita rond-point, polisi wakampungia. Niliona mahali Dominique alikuwa anasimama kungojea wateja, pamejaa pikipiki. Kisha nikasikia joto la maji mgongoni mwangu, kwenye blauzi, upande wa kushoto, upande wa jicho lake zima. Sadrack alikuwa anaongea habari za mpira na kupiga honi.

Mtu huyu alijua barabara ile kila shimo, kila jiwe, angeweza kuipita amelala. Alikuwa amelaza uso wake mgongoni kwangu na amefumba jicho, na akaniuliza kwa sauti ndogo sana kama tumefika.

Nikamwambia bado.